Koilova za bei nafuu kwa gari la kila siku na siku moja moja za uwanjani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye Impreza, Altezza au Mark X ambaye gari analo hilo hilo moja. Jumatatu linampeleka kazini, Ijumaa linabeba familia kwenda kijijini, na mara chache kwa mwaka linaingia uwanja wa Whistling Morans kule Athi River, Kenya, au kwenye mbio za kupima muda kama zile za Murang'a. Mifano mingi ni ya Impreza kwa sababu ndiyo gari linaloulizwa zaidi, lakini hesabu zake zinahusu gari lolote.

Koilova ni nini hasa?

Ni shokapu, au shoki kama wasemavyo Nairobi, iliyozungukwa na springi yake na kukatwa hesi mwilini ili kiti cha springi kiweze kupanda na kushuka. Impreza tayari ina springi iliyozunguka shokapu tangu kiwandani. Kinachoongezeka ni zile hesi, springi ngumu zaidi, na katika seti nyingi kitufe cha kuongeza au kupunguza ugumu wa shokapu yenyewe. Springi hubeba gari. Shokapu hutuliza mnyumbuko wa springi. Ukizitenganisha kazi hizi mbili kichwani mwako, nusu ya maneno ya wauzaji utayapima mwenyewe.

Je, kweli ninazihitaji?

Mara nyingi jibu ni bado. Gari lililotumika Japani miaka saba, kisha likapigwa matuta ya huku miaka mingine mitano, huwa na bushi zilizopasuka, stabilaiza linki zinazogonga na maunti za juu (vishikio vya shokapu kwa juu) zilizobonyea. Ukifunga koilova mpya juu ya uchakavu huo, gari litagonga vile vile na utailaumu seti isiyo na kosa. Anza na bushi za mikono ya chini, linki, boli jointi na shokapu mpya za kiwango cha kiwandani. KYB ndizo zinazopatikana kwa urahisi, ila nunua kwa muuzaji anayekubali kukuandikia risiti, maana bandia ni nyingi. Halafu nenda uwanjani ukiwa na tairi nzuri, pedi za breki zinazostahimili joto na mafuta mapya ya breki.

Baada ya siku moja ya namna hiyo utajua unachokitafuta. Kama gari linalala sana kwenye kona, mbele inakataa kuingia na tairi za mbele zinalika bega la nje, hapo koilova zina kazi ya kufanya. Kama lengo ni mwonekano tu, springi fupi za kampuni inayoaminika pamoja na shokapu zinazolingana nazo zitakutosha kwa pesa ndogo zaidi.

"Bei nafuu" ni kiasi gani?

Kwa bei za dukani Marekani, kabla ya usafiri na ushuru, soko limegawanyika hivi. Chini kabisa kuna seti za Kichina za dola 300 hadi 400. Kwenye dola 550 hadi 700 kuna seti rahisi za Tein. Kati ya dola 900 na 1,300 ndipo penye uchaguzi mzuri: Tein Flex Z, BC Racing BR, na kwa baadhi ya magari Bilstein B14. Öhlins Road & Track huvuka dola 2,000, kwa hiyo ziko nje ya mada yetu.

Juu ya bei hiyo ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania na Uganda. Kisha weka kando pesa ya ufungaji, alaimenti (kupanga pembe za tairi) na bushi. Anayemaliza bajeti yote kwenye boksi la koilova mara nyingi hukosa hela ya alaimenti, na bila alaimenti hiyo tairi zitaisha upande mmoja.

Zile za dola 300 zina ubaya gani? Zinafanana kabisa na nyingine.

Kwa nje, ndiyo. Tofauti iko ndani: vali, mafuta, oili sili, na usawa kati ya shokapu moja na nyingine. Katika seti za bei ya chini kabisa unaweza kuweka kliki (hatua za kitufe cha ugumu) sawa kushoto na kulia na bado pande mbili zikafanya kazi tofauti. Kibaya zaidi, springi huwa ngumu huku shokapu ikiwa dhaifu, na hapo gari linanesa na kugonga kwa pamoja. Spea zake pia hazipatikani, kwa hiyo sili moja ikivuja umepoteza seti nzima. Kwa gari linalobeba watoto shule mimi singezifunga.

Kati ya Tein, BC na Bilstein, nichukue ipi?

Inategemea utafanya nini zikichoka. Flex Z ya Tein ya Japani ni tulivu barabarani, ina kliki 16, urefu wa mwili wake unarekebishwa, na maunti za juu huja nazo. Lakini imezibwa kiwandani: ikifa, unanunua shokapu nyingine badala ya kuifungua. BR ya BC Racing, kampuni ya Taiwan, ina kliki 30, bomba moja lenye gesi, na inaweza kufunguliwa ikatengenezwa upya. Pia unaweza kuagiza ikiwa na springi za ugumu unaoutaka, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote kwa mtu wa huku. Bilstein B14 ya Ujerumani haina kliki hata moja; waliotengeneza vali wamekuchagulia. Kwa mtu anayejijua kwamba hatagusa kitufe kamwe, hilo ni jambo jema.

Kwa Impreza ya kazi zote mbili, uamuzi wangu ni BR iliyoagizwa na springi laini kuliko zinazokuja kwa kawaida, na Flex Z kwa anayetanguliza utulivu.

Springi za kilo ngapi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kilo kwenye springi maana yake ni uzito unaohitajika kuibonyeza milimita moja. Sedani za kiwandani nyingi ziko kati ya kilo 2 na 4. Seti nyingi za Taiwan za Impreza huja na 6 hadi 8. Chukua kona moja ya mbele ya Impreza ya turbo, tuseme imebeba kilo 380 bila kuhesabu tairi na breki. Kwa springi ya kilo 3, kona hiyo itanesa takriban mara 1.4 kwa sekunde, yaani gari la kawaida. Kwa kilo 5 itanesa mara 1.8, gari la michezo ambalo bado unaweza kuishi nalo. Kwa kilo 8 inafika mara 2.3, na hapo tumeshaingia kwenye gari la uwanjani: kwenye rasta za barabara kuu mwili mzima utatetemeka, na abiria wa nyuma atakuomba ushuke mwendo.

Kuna hesabu nyingine ambayo wachache huifanya. Kilo 380 juu ya springi ya kilo 5 huibonyeza milimita 76. Juu ya springi ya kilo 8 huibonyeza milimita 47.5 tu. Milimita hizo ndizo tairi inazoweza kushuka kufuata shimo kabla springi haijaishiwa nguvu. Kwa hiyo springi ngumu, kwenye lami yenye viraka, huinua tairi kutoka barabarani, na tairi iliyo hewani haishiki kona wala haifungi breki. Magari ya Safari Rally, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, huipita njia mbovu kwa sababu mwendo wa shokapu zake ni mrefu. Barabara ya kutoka nyumbani kwako hadi uwanjani inafanana na njia za rally hiyo kule Naivasha kuliko uwanja wa Ulaya.

Kwa hiyo, kwa Impreza inayotumika kila siku, tafuta kilo 5 mbele na 4 hadi 5 nyuma. Ukishaona 8 na kuendelea kwenye tangazo, uliza kama wanaweza kubadilisha.

Mbona rafiki yangu mwenye Altezza ana kilo 8 mbele na analala usingizi njiani?

Kwa sababu Altezza, kama Mark X, mbele haina mfumo wa Impreza. Ina mikono miwili, juu na chini, na shokapu imefungwa katikati ya mkono. Tairi ikipanda milimita 10, shokapu inabonyea kama milimita 7. Ugumu unaofika kwenye tairi hupatikana kwa kuzidisha 0.7 kwa 0.7, karibu nusu. Kilo 8 zake huwa karibu kilo 4 kwenye tairi. Kwenye Impreza tairi na shokapu hutembea karibu sawa kwa sawa, hivyo kilo 8 hubaki karibu 8. Usinakili namba za gari lenye mfumo tofauti.

Nishushe gari kiasi gani?

Milimita 20 hadi 25. Wengi hushtuka kusikia hivyo.

Piga magoti pembeni ya Impreza na uutazame mkono wa chini wa mbele, ule mafundi wanauita loa amu. Kiwandani umeinama kidogo: upande wa tairi uko chini kuliko upande wa katikati ya gari. Ukilishusha gari mkono unanyooka. Ukiendelea kulishusha, upande wa tairi unakuwa juu. Hapo kitovu ambacho gari hulalia linapokata kona kinashuka kwa kasi kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, na gari linataka kulala zaidi kuliko lilipokuwa juu. Umenunua springi ngumu ili lisilale, kisha umelishusha mpaka linalala. Tairodi nazo hupoteza pembe yake, na usukani huanza kuvuta wenyewe kwenye matuta.

Kanuni ya kupimia ni nyepesi: gari likiwa limesimama chini, mkono wa chini uwe umenyooka au umeinama kidogo kuelekea tairi. Ukitaka kwenda chini ya hapo, utahitaji boli jointi ndefu za kurudisha pembe, na bado una matuta ya mtaani kwako ya kuyavuka. Nairobi Expressway ni laini, ila hakuna anayeishi juu yake.

Kupandisha kiti cha springi kunaifanya springi kuwa ngumu?

Hapana. Springi ya kilo 5 ni ya kilo 5 hata uikaze vipi. Katika seti ambazo urefu hurekebishwa kwa kiti cha springi peke yake, kukishusha sana hula nafasi ya shokapu ya kupanda, na gari linaanza kukaa juu ya mpira wa kuzuia kugonga. Seti zinazorekebishwa mwilini, kwenye bano la chini, hazina shida hiyo: kaza springi mpaka isicheze kwa mkono, ongeza milimita chache, funga pete, kisha urefu wa gari upange kwa bano la chini. Kumbuka tu kwamba shokapu inaweza kuwa na nafasi tele huku tairi ikigonga madigadi.

Kukata springi za kiwandani si rahisi zaidi?

Ni rahisi, na ni hatari. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake na inaweza kuchomoka tairi ikining'inia. Usifanye.

Vipi koilova za mtumba kutoka Japani?

Zinaweza kuwa mali nzuri. Zishike mkononi kabla ya kulipa. Pitisha kucha kwenye rodi. Ukihisi mkwaruzo, sili itavuja au imeshavuja. Tazama kama kuna utelezi wa mafuta chini ya mfuniko wa vumbi. Kama ni ya bomba moja, ibonyeze mpaka chini kisha iachie: inapaswa kupanda polepole yenyewe, kwa mwendo mmoja. Isipopanda, gesi imetoka. Zungusha pete zote; zikiwa zimeganda kwa kutu, umenunua koilova za urefu mmoja. Uliza pia ni za gari gani hasa, maana shokapu za Impreza ya GD (kizazi cha pili) na za GH (kizazi cha tatu) si za kubadilishana, nyuma hasa, kwa kuwa GH iliacha mfumo wa nyuma wa GD.

Mwenye Forester ya SG (kizazi cha pili) aangalie kitu kimoja zaidi: baadhi zilikuja na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe kwa uzito. Ukizitoa lazima ubadilishe springi pia, kwa sababu springi zake zilitengenezwa dhaifu zikitegemea shokapu hizo.

Maunti za juu: za mpira au za chuma?

Za mpira, kama zinapatikana. Za chuma zenye kiungo cha duara hutoa usukani mkali na kukuwezesha kubadilisha kemba (kiasi tairi inavyoinamia ndani au nje kwa juu), lakini vumbi la barabara za murram huziingia na baada ya muda zinagonga kila tuta. Anayechagua za chuma kwa ajili ya kemba ahesabu kwamba atazibadilisha.

Fundi wangu amefunga shokapu maisha yake yote. Kuna la kumweleza?

Kuna matatu, na umweleze kabla gari halijapanda jeki.

La kwanza ni nati ya juu. Fundi mwenye haraka hushika spana ya upepo na kuipiga nayo. Rodi inazunguka ndani ya shokapu kwa kasi, sili inaungua, na pini ya kurekebishia inaweza kukatika. Nati hiyo hufungwa kwa spana huku rodi imeshikwa kwa ufunguo wa Allen.

La pili ni bushi. Boliti za mikono ya chini zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira wa bushi hunasa katika pembe hiyo. Gari likishushwa chini, mpira unabaki umejisokota muda wote, unavuta gari juu upande mmoja, na baada ya miezi unapasuka. Kaza kidogo kwa mkono, shusha gari likae kwa tairi zake, litikise, ndipo ukaze mwisho kwa spana ya toki.

La tatu ni kupima. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi hubadilisha kila kitu. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, na tenki likiwa nusu. Kisha endesha kilomita mia hivi, upime tena na ukaze pete tena, maana springi mpya hukaa kidogo.

Taa za mbele nazo zipangwe upya. Gari likishuka mbele na nyuma tofauti, mwanga hubadilika.

Alaimenti gani?

Kwa Impreza ya kazi mbili, kemba hasi (juu ya tairi ikiinamia ndani) ya nyuzi 1.5 hadi 2 mbele, na karibu 1.5 nyuma. Anayekwenda uwanjani mara nyingi anaweza kufika 2.5 mbele. Wengi huogopa kemba kwamba inakula tairi, lakini anayekula tairi kwa kweli ni tou, yaani tairi za mbele kutazamana au kupeana mgongo. Iweke sifuri mbele. Dai karatasi ya vipimo, kabla na baada. Kama sehemu ya alaimenti haina uwezo wa kukupa karatasi hiyo, tafuta nyingine.

Naishi Mombasa, na ndugu yangu yuko Zanzibar. Chumvi je?

Chumvi hugandisha hesi. Kabla ya kufunga, safisha hesi na upake grisi ya kuzuia kuganda, nyembamba. Osha sehemu za chini kwa maji yasiyo na chumvi kila mara baada ya barabara ya ufukweni, na angalau mara mbili kwa mwaka legeza pete na uzizungushe kidogo hata kama hutaki kubadilisha urefu. Usizipulizie maji ya presha kwenye sili.

Niko Muscat, natamani siku za wazi za uwanja wa Yas Marina kule Abu Dhabi. Joto linabadilisha nini?

Mafuta ya shokapu huwa mepesi zaidi yakipata joto, na shokapu hulegea. Ya bomba moja hupoa vizuri kuliko ya mabomba mawili kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, kwa hiyo kwako BR au Bilstein zina nafasi ya mbele. Lami yenu ni nzuri kuliko yetu pia, na kilo 6 zitakufaa pale ambapo kwa Nairobi ningesema 5. Upepo wa tairi nao upime zikiwa za moto, baada ya mizunguko michache.

Nimwambie mtu wa bima?

Ndiyo, kwa maandishi, na uhifadhi jibu lake.

Siku ya uwanjani nifanye nini na zile kliki?

Nyumbani, funga kitufe mpaka mwisho wa ugumu, kisha rudi nyuma ukihesabu. Hiyo ndiyo njia ya kuhesabu inayoaminika, kwa sababu upande wa ugumu una mwisho ulio wazi. Kwa seti ya kliki 30, wengi huridhika mtaani kati ya kliki 18 na 22 kutoka ugumu. Andika namba hiyo kwa kila kona.

Uwanjani anza hapo hapo, mizunguko mitatu, bila kugusa kitu. Kisha ongeza ugumu kliki nne mbele na nyuma. Endelea hivyo mpaka gari lianze kurukaruka kwenye mabonde madogo, halafu rudi kliki mbili. Kama mbele inakataa kuingia kona, legeza mbele kliki mbili kabla ya kufikiria kukaza nyuma, kwa sababu mvua ikinyesha utashukuru kuwa na nyuma iliyotulia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa shokapu na upepo wa tairi pamoja hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kabla ya kuondoka, rudisha kliki za barabarani, pitisha mkono kwenye rodi zote nne kutafuta mafuta, na kagua nati za rimu na boliti mbili za chini za kila shokapu ya mbele. Kwenye Impreza boliti ya juu kati ya hizo mbili ndiyo inayoshikilia kemba. Ikilegea milimita moja, usukani utakuwa umepinda kabla hujafika Mlolongo.